Uzito wa Data: Upanuzi wa Hifadhidata Iliyosambazwa katika Klasta ya Kontena

Mfumo wa kompyuta unapoelemewa na watumiaji, dawa inayotajwa kwanza siku hizi ni kuongeza kontena, yaani vifurushi vyepesi ambavyo kila kimoja hubeba programu pamoja na vyote inavyovihitaji ili iende, na ambavyo huweza kuwashwa kwa makumi katika seva yoyote ya klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ndani ya sekunde chache. Kwa programu isiyohifadhi chochote dawa hiyo inaponya kweli, kwa kuwa kontena ya kumi haitofautiani na ya kwanza, na ikifa leo nyingine hushika nafasi yake bila mtumiaji kutambua. Hifadhidata haiko hivyo. Nodi mpya, yaani mwanachama mpya wa hifadhidata iliyosambazwa katika seva kadhaa, huzaliwa ikiwa tupu, na haiwezi kumsaidia mtu mpaka ipokee sehemu yake ya data kutoka kwa wenzake, kazi ambayo hutumia mtandao, diski na vichakataji vya nodi zilezile ambazo tayari zimeelemewa. Karibu kila tatizo la upanuzi wa aina hii, likifuatiliwa hadi chanzo chake, huonekana kuwa limetokana na pengo hilo kati ya kasi ya kuwasha kontena, ambayo ni ya sekunde, na kasi ya kuhamisha data, ambayo ni ya saa na mara nyingine ya siku.

Kubernetes, mfumo uliotangazwa na kampuni ya Google mwezi Juni 2014 na ambao leo ndio unaosimamia klasta nyingi za kontena duniani, ulirithi fikra zake kutoka Borg, mfumo wa ndani ambao Google ilikuwa imeutumia kwa miaka mingi kugawa kazi kwa seva zake. Toleo la 1.0 lilipotoka Julai 2015, tayari liliweza kuiunganisha podi na diski, podi ikiwa ni kontena moja au zaidi zinazowekwa pamoja katika seva moja na kusimamiwa kama kitu kimoja. Lakini halikuwa na namna ya kuipa podi jina lisilobadilika wala kuhakikisha kwamba podi ikifa, mrithi wake atarudishiwa diski ileile. Upungufu huo ulianza kuzibwa mwaka 2016, toleo la 1.3 lilipoleta kifaa kilichoitwa PetSet, ambacho katika toleo la 1.5 kilibatizwa upya jina la StatefulSet na kutangazwa kuwa imara katika toleo la 1.9 mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili Kubernetes ilienea ikiwa na sifa kwamba haifai kwa hifadhidata, na sifa hiyo haikuwa ya uonevu.

Hata hivyo si kweli kwamba hifadhidata na kontena havikuwahi kukutana kabla ya hapo. Vitess, mfumo ulioanza kujengwa YouTube mwaka 2010 ili kuigawanya hifadhidata ya MySQL katika vipande vingi, uliendeshwa ndani ya Borg yenyewe, tena kwa kuichukulia diski ya kila seva kuwa kitu cha kupita, huku usalama wa data ukitegemea nakala zilizotawanywa katika seva nyingine. Mfano huo una funzo kubwa, kwa maana unaonyesha kwamba kinachohitajika si lazima kiwe diski isiyokufa. Yawezekana pia kuwa na hifadhidata iliyojengwa tangu mwanzo ikitarajia diski zife.

StatefulSet hutoa mambo matatu. Kila podi hupewa jina lenye namba ya mfuatano kuanzia sifuri, jina hilo huweza kutafutwa katika mtandao wa ndani hata podi inapohamia seva nyingine na kubadilishiwa anwani, na kila podi huwa na ombi lake la diski linaloifuata popote iendako. Kwa kawaida podi huwashwa moja baada ya nyingine, ya pili ikisubiri ya kwanza iwe tayari, na huondolewa kuanzia ile yenye namba kubwa. Huo ni msingi mzuri, ila ni msingi tu. Kifaa hiki hakijui kama ndani ya podi mna hifadhidata ya Cassandra, ile ya PostgreSQL au programu ya kutunza picha, na ujinga huo, ambao ulikusudiwa ili kifaa kimfae kila mtu, ndio utakaorudi kusumbua hapa chini.

Upande wa hifadhi yenyewe, njia rahisi ya kupanua ni kuikuza diski iliyopo. Tangu toleo la 1.24 la mwaka 2022, uwezo wa kukuza diski kwa kubadilisha ukubwa ulioandikwa katika ombi lake umehesabiwa kuwa imara, na kwa mitambo mingi ya diski za mtandao kazi hiyo hufanyika bila kuizima podi. Lakini kuna vikwazo viwili ambavyo huwashtua wahandisi wengi kwa mara ya kwanza. Kwanza, diski hukua tu na haipungui, kwa hiyo ukubwa uliochaguliwa kwa haraka usiku wa dharura utaendelea kulipiwa mpaka data zihamishiwe kwenye diski nyingine. Pili, kiolezo cha ombi la diski kilichomo ndani ya StatefulSet hakiruhusiwi kubadilishwa baada ya kuundwa. Mhandisi hulazimika kukuza ombi la kila podi peke yake, kisha aifute StatefulSet kwa namna inayoziacha podi zake zikiendelea kufanya kazi, na hatimaye aiunde upya ikiwa na kiolezo kipya. Ni utaratibu unaofanya kazi, lakini kufuta kifaa kinachosimamia data za watu kwa kutegemea chaguo moja la amri si jambo la kufanywa na mtu aliyechoka.

Aina ya diski ina uzito kuliko ukubwa wake. Diski ya mtandao, ambayo husomwa na seva kupitia waya badala ya kuwa ndani ya seva yenyewe, huokoka seva inapokufa, lakini hulipa kwa ucheleweshaji. Na katika huduma nyingi za wingu hufungwa katika eneo moja la kituo cha data, hivyo kwamba podi iliyozaliwa katika eneo la kwanza haiwezi kuhamia eneo la pili hata kama huko kuna seva tele zisizo na kazi. Ndiyo sababu mpangilio unaochelewesha kuundwa kwa diski mpaka podi ichaguliwe seva yake, uliokuwa imara tangu toleo la 1.13 la mwaka 2018, unapaswa kuwa chaguo la kwanza la kila klasta yenye maeneo mengi. Diski ya ndani ya seva, kwa upande mwingine, ni ya kasi sana, lakini seva ikifa data zake hufa nayo, na hapo ndipo fikra ya Vitess inapopata thamani.

Kosa linalogharimu zaidi katika sehemu hii ni kurundika tabaka mbili za nakala bila kukusudia. Ceph, mfumo wa hifadhi iliyosambazwa ambao huweza kuendeshwa ndani ya Kubernetes kwa msaada wa programu iitwayo Rook, kwa kawaida hutunza nakala tatu za kila kipande cha data. Cassandra nayo kwa kawaida hupangwa itunze nakala tatu. Ya pili ikiwekwa juu ya ya kwanza, kila terabaiti moja ya taarifa hukalia terabaiti tisa za diski, na kila andiko moja la mtumiaji huzaa maandiko tisa. Ulinzi unaopatikana haukaribii mara tatu ya ule wa kawaida, kwa kuwa mhandisi akiamuru kwa bahati mbaya kufutwa kwa jedwali, nakala zote tisa zitatii. Hifadhidata inayojinakili yenyewe inastahili diski isiyonakiliwa, na hifadhidata isiyojinakili ndiyo inayostahili Ceph.

Cassandra inafaa kutazamwa kwa karibu zaidi kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya upanuzi. Iliandikwa Facebook na Avinash Lakshman, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya mwaka 2007 iliyoeleza mfumo wa Dynamo wa Amazon, pamoja na Prashant Malik, na ilitolewa kwa umma mwaka 2008. Ndani yake hakuna nodi kuu: kila rekodi hupitishwa katika hesabu inayoigeuza kuwa namba, namba zote hupangwa katika mduara, na kila nodi humiliki vipande kadhaa vya mduara huo. Toleo la 4.0 la mwaka 2021 lilipunguza vipande vya kawaida vya kila nodi kutoka 256 hadi 16, kwa kuwa vipande vingi kupita kiasi viliifanya kazi ya kulinganisha nakala kuwa nzito, na vilizidisha uwezekano kwamba nodi mbili zikianguka pamoja, kuna data mahali fulani zitakazokosa nakala za kutosha.

Chukua klasta ya nodi sita, kila moja ikiwa na terabaiti moja. Nodi ya saba ikiongezwa, mgawo wa haki ni terabaiti sita kwa nodi saba, yaani takriban gigabaiti 857 ambazo nodi mpya lazima ipokee kabla haijaanza kujibu maswali ya watumiaji. Tuseme diski yake ni ya aina ya gp3 ya Amazon, ambayo katika kiwango chake cha msingi hupitisha mebibaiti 125 kwa sekunde: kwa hesabu tupu, kuandika data hizo kutachukua takriban saa moja na dakika 49, hata kama diski hiyo haitafanya kazi nyingine yoyote. Lakini itafanya, kwa kuwa Cassandra huandika mafaili mapya bila kuyagusa ya zamani na baadaye huyaunganisha mafaili madogo kuwa makubwa, hivyo data zilezile zitasomwa na kuandikwa tena, pengine zaidi ya mara moja. Wakati huohuo nodi sita za zamani zinasoma diski zao ili kutuma data, huku zikiendelea kuwahudumia watumiaji waliosababisha upanuzi huo uhitajike.

Baada ya saa hizo zote, diski za nodi za zamani bado zimejaa kama zilivyokuwa. Cassandra haifuti data zilizohamia kwa mwenzake mpaka iamriwe kufanya usafi, na usafi huo hufanywa kwa kuandika upya mafaili bila data zilizohama, kazi inayohitaji nafasi ya ziada kwa muda. Kwa hiyo mtu anayeongeza nodi kwa sababu diski zimebaki na nafasi finyu anaweza kukuta kwamba ameongeza mzigo bila kupata nafasi, na kwamba dawa pekee iliyobaki ni kukuza diski kwanza. Kwa njia ya kuunganisha mafaili inayokwenda kwa ukubwa wao, ushauri wa muda mrefu ni kuacha karibu nusu ya diski wazi. Ushauri huo huonekana kuwa wa ubadhirifu katika vikao vya bajeti, na hapo ndipo ajali nyingi huanzia.

Kubernetes nayo huona nini wakati hayo yote yakiendelea? Huona podi moja mpya ambayo ama iko tayari ama haiko tayari. Iwapo kipimo cha utayari kimeandikwa kiridhike na kuona programu iko hai tu, StatefulSet itaihesabu nodi inayopokea data kuwa imekamilika na kuiwasha inayofuata, ilhali Cassandra hutaka nodi ziingie moja moja ili umiliki wa mduara usigongane. Iwapo kipimo cha uhai, ambacho kazi yake ni kuiua podi iliyokwama, hakina subira, kitaiua nodi iliyo katikati ya kupokea data na kazi yote itavurugika. Hata kuzima kwa amani kuna muda wake: podi hupewa sekunde 30 kwa kawaida kabla ya kuuawa kwa nguvu, na nodi yenye data nyingi katika kumbukumbu inayotaka kuziandika kwenye diski inaweza kuhitaji zaidi. Thamani hizi ndogo katika faili la mpangilio zina athari kubwa kuliko uchaguzi wa hifadhidata wenyewe, na zinastahili kusomwa moja baada ya nyingine.

Kupunguza nodi kuna hatari kuliko kuziongeza. Mtu akibadilisha idadi ya podi kutoka saba hadi sita, Kubernetes itaizima podi yenye namba kubwa na kuiacha diski yake ilipo. Cassandra haijaambiwa kwamba nodi hiyo imestaafu. Inaiona kama mgonjwa anayetarajiwa kurudi, na nakala zilizokuwa chini yake zimepungua bila mtu kuamua hivyo. Halafu, wiki tatu baadaye, wateja wanaongezeka na idadi inarudishwa kuwa saba. Podi inarudi ikiwa na diski yake ya zamani. Sasa, katika Cassandra kufuta rekodi ni kuandika alama inayosema kwamba rekodi hiyo imekufa, na alama hizo zikishatimiza muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni siku 10, huweza kuondolewa kabisa. Nodi iliyokuwa nje kwa wiki tatu haikuziona alama hizo. Ina rekodi zilizofutwa na inaziamini kuwa hai, na nodi nyingine hazina tena ushahidi wa kuikanusha. Akaunti iliyofungwa inafunguka, namba ya simu ambayo mteja aliomba iondolewe inarejea. Njia sahihi ni kuiamuru nodi iage kwanza, yaani igawe data zake kwa wenzake na kujiondoa katika mduara, ndipo podi izimwe na diski yake ifutwe.

Kwa sababu hiyohiyo kipanuzi cha kujiendesha, kile kinachoongeza podi kila kichakataji kinapozidi kiwango fulani, hakifai kuachiwa hifadhidata. Mzigo ukipanda kitaongeza nodi, uhamisho wa data utaupandisha mzigo zaidi, kitaongeza nyingine, na mzigo ukishuka kitaziondoa zote bila kuaga.

Jibu lililopatikana ni opereta, fikra iliyotangazwa na kampuni ya CoreOS mwaka 2016: programu inayokaa ndani ya klasta, ikiangalia hali inayotakiwa na hali iliyopo, na ambayo tofauti na StatefulSet inaijua hifadhidata yake kwa undani. Opereta wa Cassandra aitwaye cass-operator, kwa mfano, huunda StatefulSet moja kwa kila kundi la seva linaloweza kuanguka pamoja, ili nakala tatu za data zikae katika maeneo matatu kweli, na hutanguliza kuaga kabla ya kuzima. Ni hatua kubwa, lakini haiondoi haja ya maarifa. Opereta ni mkusanyiko wa maamuzi ya watu wengine yaliyoandikwa kama programu, na siku hali isiyotarajiwa inapotokea, timu isiyoyaelewa maamuzi hayo hujikuta ikipambana na msaidizi anayerudisha kila kinachorekebishwa kwa mkono.

Familia nyingine ya hifadhidata, ambayo CockroachDB ni mfano wake, imeuchukua ndani yake mzigo huo wa kusimamia uhamisho wa data. Data hukatwa katika vipande ambavyo kwa kawaida havizidi mebibaiti 512, kila kipande kina nakala zake, na nakala hizo hukubaliana kwa utaratibu wa Raft uliochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout mwaka 2014, ambao hautambui andiko lolote mpaka akidi, yaani zaidi ya nusu ya nakala, iwe imelipokea. Nodi mpya inapoingia, vipande huanza kuhamia kwake kidogo kidogo, naye huanza kuhudumia kipande cha kwanza bila kusubiri cha mwisho. Upanuzi unakuwa mpole zaidi, ingawa jumla ya data zinazopaswa kusafiri haijapungua hata baiti moja. Akidi ina hesabu inayopasa kukumbukwa: nakala tatu hustahimili kupotea kwa moja, nakala nne nazo hustahimili kupotea kwa moja tu kwa kuwa akidi yake ni tatu, na ni mpaka nakala tano ndipo mbili zinaweza kupotea. Etcd, hifadhidata ndogo ambamo Kubernetes yenyewe hutunza kumbukumbu zake zote, inatii sheria hiyohiyo, na diski ya polepole chini yake huilemaza klasta nzima. Kwa hiyo ni vibaya kuiweka katika diski moja na hifadhidata inayopanuliwa.

Kwa taasisi za Afrika Mashariki, akidi inagusana na jiografia. Vituo vikubwa vya kampuni za wingu vilivyo karibu zaidi upande wa kusini vipo Afrika Kusini, Microsoft na Google wakiwa na vyao Johannesburg na Amazon Cape Town. Kutoka Nairobi hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 2,900, na mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 29, na njia halisi za nyaya ni ndefu zaidi. Hifadhidata yenye nakala moja Nairobi na mbili Johannesburg italipa muda huo kila andiko linalopokelewa Nairobi. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 na mtandao kuyumba Tanzania, Kenya na nchi jirani, nakala pekee ya Nairobi katika mpangilio kama huo ingekosa akidi kila mara mawasiliano na kusini yalipokatika, na kukataa maandiko ya watu walio mtaa wa pili. Mpangilio wa nakala tatu katika vyumba vitatu vya data vya jiji moja, pamoja na nakala ya akiba inayotumwa mbali bila kusubiriwa, unahudumia vizuri zaidi, na unarahisisha kutii Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, ambazo zote huweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

Linabaki swali la nani anapaswa kuyabeba haya yote. Taasisi yenye wahandisi wachache na data zinazotosha katika seva moja kubwa haina sababu ya kuingia katika upanuzi wa aina hii. PostgreSQL moja yenye nakala moja ya kusubiri na akiba inayojaribiwa kwa kurejeshwa kila mwezi itaifaa kwa miaka. Taasisi iliyokwisha kuvuka hapo inapaswa kupanga upanuzi kwa kalenda badala ya kengele: ipime kwa siku tulivu ni saa ngapi nodi moja huchukua kuingia na kufanyiwa usafi, ijue diski zake hujaa kwa kasi gani kwa wiki, na kutokana na namba hizo mbili ipate tarehe ambayo kazi lazima ianze ili nafasi isiishe kabla data hazijafika.